Merikebu Juu ya Bahasha: Namna ya Kusoma Stempu za Ukumbusho wa Historia ya Majini

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huzoezwa kuuliza maswali machache kila anapokabidhiwa matini: ni nani anayesema, anasema akiwa wapi na lini, na ni kipi alichokinyamazia. Maswali haya tumeyazoea tunapohakiki riwaya, tamthilia au utenzi. Ni nadra kuyaelekeza kwenye kipande kidogo cha karatasi chenye gundi kwa nyuma na meno ukingoni, kiitwacho stempu. Makala haya yanadhamiria kufanya hivyo. Yanashughulikia stempu za ukumbusho zinazoadhimisha historia ya majini, yaani historia ya vyombo, mabaharia, misafara na vita vya baharini, na yanashikilia kwamba stempu ya ukumbusho aghalabu hueleza zaidi juu ya mwaka ilipotolewa kuliko mwaka inaoukumbuka. Mkusanyaji asiyelijua hilo ataishia kuwa na albamu ya picha nzuri.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanaihusu vipi idara ya Kiswahili. Jibu la kwanza limo katika lugha yenyewe. Neno meli tunalolitumia kila siku lina asili ya neno la Kiingereza 'mail', kwa kuwa vyombo vya mvuke vilivyotia nanga pwani yetu katika karne ya kumi na tisa vilikuja na barua. Jina la mzigo likahamia kwa mchukuzi. Manowari nayo imetokana na 'man-of-war', jina la Waingereza la chombo cha kivita. Kabla ya hayo Mswahili alikuwa na merikebu na jahazi, maneno yenye asili ya Kiarabu, na alikuwa pia na mtepe, chombo alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Posta na bahari, kwa hiyo, zilikwisha kuoana ndani ya msamiati wetu kitambo.

Misingi michache ya ukusanyaji

Stempu ya kwanza ya kubandikwa ilitolewa Uingereza mwaka wa 1840. Tangu hapo stempu zimegawika mafungu mawili makuu. Kuna stempu za kawaida, ambazo huchapishwa tena na tena kwa miaka mingi, na kuna stempu za ukumbusho, ambazo hutolewa kwa muda maalumu ili kuadhimisha tukio, mtu au mwaka fulani. Anayekusanya kwa kufuata mada, kama vile vyombo vya majini, atahitaji mafungu yote mawili, kwa sababu zitakazodhihirika hapa chini.

Vifaa ni vichache: kibano cha kushikia stempu ili mafuta ya vidole yasiziharibu, lenzi ya kukuzia, na albamu yenye mifuko. Gundi isitumiwe kamwe. Stempu iliyo juu ya bahasha yenye muhuri unaosomeka vyema isibanduliwe, kwani muhuri ule ndio unaotwambia barua ilitoka wapi na lini. Ni sawa na kuchana ukurasa wa jina la kitabu ili kuhifadhi jalada. Fauka ya hayo, mkusanyaji hana budi kujifunza kutumia katalogi. Zinazotegemewa zaidi ni Stanley Gibbons ya Uingereza, Scott ya Marekani na Michel ya Ujerumani, na kila moja huipa stempu nambari yake na maelezo mafupi ya picha. Maelezo hayo mafupi tutayarudia, maana yana kasoro inayotuhusu sana sisi.

Merikebu na stempu ni marafiki wa zamani. Ile stempu mashuhuri ya senti moja ya Guiana ya Waingereza ya mwaka wa 1856, iliyonunuliwa kwa takriban dola milioni 9.5 za Marekani katika mnada wa New York mwaka wa 2014, imechorwa merikebu ya matanga. Hata hivyo, bei si jambo la makala haya. Mwanafunzi asiye na zaidi ya nauli yake anaweza kukusanya stempu nyingi tutakazozijadili kwa njia ya nakala za picha, na usomaji wake usipungukiwe na chochote.

Ndevu za Columbus

Tuanze na Marekani. Mwaka wa 1893 nchi hiyo ilitoa mfululizo wa stempu 16 kuadhimisha miaka 400 ya safari ya kwanza ya Christopher Columbus. Miongoni mwake mna ile ya senti 3 inayoonyesha chombo chake kikuu, Santa María, na ile ya senti 4 inayoonyesha vyombo vyake vitatu. Zilizowafurahisha watu zaidi ni mbili za mwanzo. Katika stempu ya senti 1 Columbus anaiona nchi kavu kwa mbali, na kidevu chake hakina hata unywele. Katika stempu ya senti 2 anashuka ufukweni, naye ana ndevu. Yaelekea zilimea usiku mmoja.

Sababu ni nyepesi: wachongaji walinakili michoro ya wasanii wawili tofauti, na hakuna hata mmoja wa wasanii hao aliyemwona Columbus. Funzo lenyewe halihusu ndevu. Picha iliyo juu ya stempu ni nakala ya picha nyingine, na hiyo nayo ni tafsiri ya masimulizi. Anayesema kwamba stempu inaonyesha "jinsi ilivyokuwa" ana kazi ya kuthibitisha kwanza ilinakiliwa kutoka wapi.

Ureno 1898: picha nane bila Malindi

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Ureno. Mwaka wa 1898 Wareno waliadhimisha miaka 400 ya safari ya Vasco da Gama ya kwenda Uhindi kwa mfululizo wa stempu nane. Picha zake ni hizi: vyombo vikiondoka, vyombo vikifika Calicut, mabaharia wakipanda chomboni huko Rastello, mungu-jike wa taaluma ya historia, chombo kikuu São Gabriel pamoja na da Gama na mshairi Camões, malaika mkuu Jibrili, São Gabriel tena, na mwisho da Gama mwenyewe.

Msomaji wa Kenya azitazame picha hizo kwa makini. Da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, baada ya kupokewa kwa uhasama Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpa rubani. Tarehe 24 Aprili vyombo viling'oa nanga, na tarehe 20 Mei vikawa mbele ya Calicut. Sehemu hiyo ya safari, iliyokata bahari kuu, ndiyo iliyoufanya msafara mzima uitwe ufanisi, na iliendeshwa kwa maarifa ya pepo za msimu ambayo Wareno hawakuwa nayo. Katika stempu nane kuna nafasi ya malaika na nafasi ya mungu-jike. Nafasi ya Malindi haipo, wala ya rubani.

Rubani huyo alikuwa nani? Mwanahistoria Mreno João de Barros alimwita Malemo Caná, na kusema kuwa alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Kwa muda mrefu ilisemekana pia kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni, dai ambalo wataalamu wa baadaye wamelikataa. Kwa mwanaisimu, hilo neno Malemo linavutia zaidi kuliko mzozo wenyewe. Limetoka kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mjuzi na mfundishaji, ambalo ndilo asili ya mwalimu wetu. Kumbe Wareno waliandika cheo wakidhani ni jina. Mtu aliyewavusha bahari amebaki katika vitabu vyao akiitwa Mwalimu tu.

Sasa tuurudie mwaka wa 1898. Miaka minane kabla yake, yaani mwaka wa 1890, Uingereza iliilazimisha Ureno kwa vitisho iachane na ndoto ya kuunganisha Angola na Msumbiji. Aibu ile iliitikisa nchi. Stempu za da Gama zilitolewa na taifa lililojeruhiwa, lililotaka kuukumbusha ulimwengu kwamba lilitangulia. Zilitolewa pia kwa ajili ya makoloni, na zile za makoloni ya Afrika hazikutaja koloni lolote bali ziliandikwa neno moja tu: AFRICA. Zaidi ya hayo, Desemba ya mwaka huohuo ilitimiza miaka 200 tangu Ngome ya Yesu mjini Mombasa iwatoke Wareno na kuingia mikononi mwa Waomani, Desemba 1698, baada ya mazingiwa yaliyoanza Machi 1696. Kumbukumbu hiyo haimo katika zile picha nane. Hapa ndipo dai letu la mwanzo linaposimama: stempu hizi ni chanzo hafifu cha habari za mwaka wa 1498, lakini kuhusu Ureno ya 1898 ni shahidi mzuri.

Mwaka mmoja, bahari mbili

Mwaka wa 2005 ulikuwa mwaka wa shughuli nyingi kwa wakusanyaji wa mada hii. Uingereza ilitoa stempu sita kuadhimisha miaka 200 ya vita vya majini vya Trafalgar vya Oktoba 1805, zilizotokana na mchoro mrefu wa William Heath na kupangwa jozi jozi. Mwaka huohuo China ilitoa stempu za kuadhimisha miaka 600 ya msafara wa kwanza wa Zheng He, ulioanza mwaka wa 1405. Dola moja ilikumbuka ushindi wa mizinga. Nyingine, iliyokuwa ikikua kibiashara, ilimkumbuka amiri aliyefika pwani ya Afrika Mashariki na kurudi. Uchaguzi huo wa 2005 haukuwa wa bahati nasibu. Pamoja na hayo, misafara ya Zheng He ilisindikizwa na maelfu ya askari, jambo ambalo wasifu wa amani hulipitia haraka. Kwetu sisi inatosha kukumbuka kwamba mwaka wa 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga katika kasri la China.

Katika stempu za Trafalgar mna chombo kidogo kinachostahili kutazamwa na mpenzi wa posta, nacho ni Pickle. Hakikusifika kwa mizinga. Kilisifika kwa kubeba barua iliyofikisha Uingereza habari za ushindi na za kifo cha Nelson.

Stempu ambazo hazikukusudia kukumbuka

Hadi hapa tumeshughulika na stempu zilizotungwa makusudi ili kuadhimisha. Zipo nyingine zilizozaliwa na vita vya majini vyenyewe, bila nia ya kuadhimisha chochote, na kwa maoni yetu hizo ndizo mashahidi waaminifu zaidi. Bora zimetoka hapa petu.

Kuanzia miaka ya 1900 na 1901 makoloni yote ya Ujerumani yalitumia mchoro mmoja wa stempu: chombo cha fahari cha Kaisari, Hohenzollern. Kamerun, Samoa na Afrika Mashariki ya Kijerumani zilitofautiana kwa jina na kwa sarafu tu. Stempu za huku ziliandikwa thamani kwa pesa na rupia, na tangu 1905 kwa heller. Msomaji wa Kiswahili ameshaona tunakoelekea. Heller ile ndiyo hela yetu ya leo. Himaya ya Kaisari ilizama na sarafu yake ikafutwa, lakini neno likabaki midomoni mwa watu ambao wengi wao hawajapata kuiona.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliivamia na kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji. Ili kuisaka, Waingereza walikiteka kisiwa cha Mafia mnamo Januari 1915, na ndege zilizoelekeza mizinga yao zilirukia huko. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915 kwa mizinga ya Severn na Mersey. Mizinga yake yenyewe iliokolewa na kutumiwa katika vita vya nchi kavu, na mmoja wapo unaweza kuonekana hadi leo katika Ngome ya Yesu, karibu na mzinga wa adui yake Pegasus.

Huko Mafia watekaji walikuta stempu za Kijerumani. Walizigonga muhuri wa mkono: G.R. MAFIA, herufi mbili za mwanzo zikiwa za Mfalme George. Katika kipande kimoja cha karatasi, basi, kuna chombo cha Kaisari, na juu yake jina la mfalme wa Waingereza, na chini yake jina la kisiwa cha Waswahili kilichotekwa kwa sababu ya manowari moja iliyojificha mikokoni. Hakuna kamati ya ukumbusho ingeweza kubuni picha yenye ukweli kama huo. Tahadhari ni moja: muhuri wa mkono ni rahisi kughushi, hivyo asinunue mtu stempu ya namna hii bila hati ya mtaalamu.

Upande wa pili wa vita, Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini na stempu zikawaishia. Mwaka wa 1916 matbaa ya misheni ya Wuga, kule Usambara, ikachapisha stempu za dharura za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Ni kazi ya matbaa ya kawaida, bila merikebu wala mapambo ya fahari. Kabla hazijatumika, meli Marie ilipenya mazingiwa na kutia nanga katika ghuba ya Sudi mnamo Machi 1916, ikiwa imebeba silaha, dawa, na shehena ya stempu mpya zilizochapishwa Ujerumani. Zile za Wuga hazikuhitajika tena. Zikazikwa ardhini zisije zikaangukia mikononi mwa Waingereza, zikafukuliwa baadaye na kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1921, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Stempu hizi hazina chombo chochote juu yake, nasi tungeziweka katika albamu ya historia ya majini bila kusita.

Unguja: kutoka Sham Alam hadi Jamhuri

Stempu za Unguja zinaweza kusomwa kama utenzi mfupi wa bahari na utawala. Mwaka wa 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya enzi, zilitolewa stempu nne za ukumbusho zenye chombo chake, Sham Alam. Mwaka wa 1944 zikatolewa nne nyingine kuadhimisha miaka 200 ya nasaba ya Al Busaidi, iliyoanza mwaka wa 1744. Picha yake ni ramani yenye Unguja na Maskati, pamoja na chombo cha tanga. Hoja ya mchoro huo iko wazi: bahari ndiyo barabara, na barabara hiyo inaelekea kaskazini. Bara, lililo karibu zaidi na Unguja kuliko Maskati kwa mbali sana, halikuwa sehemu ya kumbukumbu iliyokusudiwa.

Mwaka wa 1957 zilitoka stempu za kawaida zenye karafuu, jahazi, kasri, na chombo ambacho katalogi hukitaja kwa jina la Ummoja Wema, kwa m mbili. Baada ya Khalifa kufariki, picha zilezile zilitumika tena mwaka wa 1961 zikiwa na sura ya Sultani Abdulla. Kisha yakaja mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Hapakuwa na muda wa kuchapisha stempu mpya, hivyo zilizokuwapo ziligongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964. Sura iliyopigwa muhuri huo ni ya Abdulla, aliyefariki mwaka wa 1963, ilhali sultani aliyepinduliwa ni Jamshid. Zipo hata zile za uhuru wa Desemba 1963, zilizokwisha kuandikwa UHURU 1963, nazo zikagongwa JAMHURI 1964. Maneno hayo mawili ya Kiswahili, yaliyotenganishwa na wiki tano hivi, yamekaa katika karatasi moja na kila moja linalikanusha jingine. Mhakiki wa fasihi ya kisiasa atatafuta sana kabla hajapata matini fupi zaidi ya hiyo.

Kwa upande wa bara, mfululizo wa mwaka wa 1969 wa Kenya, Uganda na Tanzania juu ya usafiri wa majini una Umoja, meli ya kuvushia mabehewa katika ziwa Viktoria, na Harambee, meli ya baharini. Majina hayo ni sera tupu. Jumuiya iliyoyapa nguvu ilivunjika mwaka wa 1977.

Tatizo la majina

Tuliahidi kuyarudia maelezo ya katalogi. Stempu za Unguja za mwaka wa 1913 za rupia 1 hadi 5 zimeelezwa kwa Kiingereza kuwa ni za mtumbwi wa tanga, na za rupia 10 hadi 200 kuwa ni za 'dhow'. Neno hili 'dhow' ndilo hutumika kwa kila chombo cha tanga cha Bahari Hindi, kana kwamba mtu angeyaita magari yote basi. Baharia wa pwani hajui chombo kiitwacho hivyo. Anajua jahazi, mashua, dau, ngalawa, mtepe, bedeni, sambuki na bagala, na kila kimoja kina umbo lake.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ambayo mkusanyaji wa London hana. Mtepe hujulikana kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba na tanga la mkeka lenye pembe nne. Ngalawa kwa matengo na ndubi zake pande zote mbili. Jahazi kwa tezi iliyokatwa bapa na tanga la pembetatu lililoning'inia kwenye foromali. Oman ilipotoa stempu mwaka wa 1981 kuadhimisha safari ya Sohar, chombo kilichoshonwa bila misumari na kufika China mwaka huo, maelezo ya Kiswahili yangeweza kukihusisha papo hapo na mtepe wa Lamu. Kiingereza kinahitaji aya nzima kufanya hivyo.

Tunapendekeza chama chetu kianze na stempu hizo za 1913. Nakala yake ikuzwe, ipelekwe Lamu, Mombasa na Malindi, iwekwe mbele ya manahodha na maseremala wa vyombo, nao waulizwe mambo matatu: chombo hiki kinaitwaje, umekijuaje, na tanga lake limefungwa kwa upepo gani. Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa lahaja yake, pamoja na mabishano yatakayozuka. Nambari ya katalogi ibaki ileile ya Gibbons, ila mahali palipoandikwa 'dhow' paachwe wazi hadi majibu yatakapopatikana.